Daktari Wetu Atafanya Kazi Wapi?

Masomo: Matendo ya Mitume 16:6-15, 2 Timoteo 4:9-11, 2 Wafalme 5:20-27

Tunasema nanyi, wapendwa wasikilizaji, nanyi mnaosoma karatasi hii kwa sababu siku ya somo umeme ulikatika na sauti yetu ikakatika nao. Tunajua mko Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo, Kisangani, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Lubunga. Tunajua pia kwamba karatasi hizi hupanda balenieri na kufika Isangi na Basoko zikiwa zimefungia sabuni au samaki. Hatukasiriki. Kunjueni tu, msome.

Leo tunataka kusema juu ya kazi ya daktari: ataitafuta wapi, atajuaje kwamba hii ndiyo yake, na akiipata atakula nini. Tafadhali usizime redio kwa kuwa wewe ni fundi baiskeli au muuza sombe. Tukifika mwisho utaona kwamba tulikuwa tukisema na wewe.

Tuanze na kosa letu wenyewe.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwenye maombi ya siku ya nne akiwa na bahasha ya kaki, ameificha ndani ya kikwembe ili mvua isiilowanishe. Ndani yake kulikuwa na diploma ya mwanawe wa kwanza: daktari katika tiba, upasuaji na uzalishaji, ndivyo diploma zetu za Kongo zinavyosema. Kijana alikuwa amesoma miaka saba, bila kuhesabu miezi ambayo masomo yalisimama kwa mgomo. Kiwanja cha Mangobo kiliuzwa alipokuwa mwaka wa tatu. Mashine ya kushona ya mama ikafuata. Sasa alikuwa amemaliza tangu mwaka na nusu, yuko nyumbani, anawapima majirani presha bure, na watu wa avenyu wameanza kumwita "Dokta" kwa sauti ya kuchekea.

Tuliweka mikono juu ya bahasha ile. Tuliipaka mafuta. Tukaomba kwa sauti kubwa Bwana afungue mlango, na tukamwelekeza mlango wenyewe: uwe mjini, uwe na mshahara mzuri, uwe na stima usiku. Nusura tumwambie Mungu na namba ya barabara. Juma la tatu kijana akapata kazi kwenye kliniki moja ya mtu binafsi. Siku ya Mungu mama akatoa ushuhuda, kwaya ikaimba, tukacheza mpaka vumbi likapanda. Haleluya.

Baada ya miezi sita kijana alikuja usiku. Toleka ilimshusha mbele ya lango saa nne, akakaa bila kunywa hata maji tuliyompa. Akasema: "Papa Pasta, kuna mama nilimpasua ili mtoto atoke. Kidonda kimepona. Mtoto ananyonya. Lakini deni halijalipwa, na mama analala chini kwenye koridoo juma la tatu sasa. Watu wanadhani ni mlinzi wa mlangoni anayemfunga. Siye. Ni mimi, kwa sababu bila sahihi yangu hatoki, na nimekatazwa kuweka sahihi." Kisha akasema jambo la pili kwa sauti ya chini zaidi, kwamba kila mwisho wa mwezi wanahesabiwa: daktari huyu ameagiza vipimo vingapi, amelaza watu wangapi, ametundika serumu ngapi. Mwenye hesabu ndogo anaitwa ofisini.

Tulimjibu nini? Tulimwambia, "Vumilia, mwanangu. Mlango huu ulifunguliwa na Bwana." Tulijibu upesi hivyo kwa sababu ushuhuda ulikuwa umekwisha kutolewa, na kanisa haliwezi kurudisha ushuhuda kama mtu anavyorudisha shati lisilomtosha. Mungu atusamehe. Tulilinda ngoma yetu, tukamwacha mtoto na mzigo wake.

Hatusemi mwenye kliniki ni shetani. Yeye ananunua mafuta ya jenereta, analipa wauguzi, na wagonjwa wanaotoroka usiku kupitia dirishani wapo, wengine tunawajua kwa majina na wanaimba nasi kwaya. Tutarudi hapo.

Sasa fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo na wenzake wako safarini. Wanataka kuhubiri Asia, Roho anawazuia. Wanajaribu kwenda Bithinia, Roho hawaruhusu. Milango miwili imefungwa, na iliyoifunga si ibilisi wala wachawi wa ukoo. Tunatilia mkazo hilo kwa sababu kijana akikosa kazi mara mbili tu, familia nzima inaanza kumtafuta shangazi aliyemfunga. Someni mstari wa 6 na wa 7, muone ni nani aliyefunga.

Wakafika Troa. Usiku Paulo akaona maono. Angalieni alichoonyeshwa. Hakuonyeshwa nyumba, hakuonyeshwa mshahara, wala hakuambiwa atakaa miaka mingapi. Alionyeshwa mtu mmoja wa Makedonia amesimama, anaomba avuke, awasaidie. Basi. Mwito ulikuja kwa sura ya mtu mwenye shida.

Na hapo mstari wa 10 kuna jambo ambalo wengi hulipita mbio. Mpaka hapo mwandishi alikuwa akisema "wao": walipita, walijaribu, walifika. Ghafla anaanza kusema "sisi". Mwandishi ni Luka, naye Luka, mnajua kutoka barua ya Wakolosai, alikuwa tabibu. Daktari aliingia katika habari hii pale tu mtu mwenye shida aliposimama ng'ambo ya maji na kuita. Biblia haituambii alikuwa akitibu wapi kabla ya hapo, wala alikuwa akilipwa nini. Tunajua tu kwamba alipanda chombo. Na miaka mingi baadaye, katika barua ya mwisho kwa Timoteo, Paulo yuko kifungoni, Dema ameenda zake Thesalonike kwa kuipenda dunia, wengine wametawanyika, na aliyebaki naye ni Luka peke yake.

Lakini hapa tuwe waangalifu. Tukikomea hapo tutakuwa tumemgeuza daktari kuwa mbuzi wa sadaka, na kila atakayeuliza mshahara tutamwita Dema. Si hivyo. Endeleeni kusoma. Walipofika Filipi, yule mwanaume wa maono hawakumkuta. Walitoka nje ya mji kando ya mto, wakakuta wanawake wamekusanyika, na mmoja wao, Lidia, mfanya biashara wa nguo za rangi ya zambarau, Bwana akamfungua moyo. Na Lidia alifanya nini? Aliwasihi waingie nyumbani mwake wakae, na hakukubali wamkatalie. Kwa hiyo kazi iliyowaita haikufanana na kazi waliyoikuta, na waliyemkuta aliwapa mahali pa kulala. Shikeni mambo hayo mawili.

La kwanza. Tuna ndugu yetu Mpentekoste, mtu wa Kongo hii hii, ambaye maisha yake yanafundisha jambo hili kuliko mahubiri yetu. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Wakiwa njiani kurudi akamwuliza baba: mimi nikiugua unanipa dawa, mbona mtoto yule umemwombea tu? Baba akamweleza kwamba dawa ni kazi ya daktari, na yeye si daktari. Mtoto akaamua moyoni kwamba baba ataomba na yeye atatoa dawa. Wapo kati yetu wanaodhani mtu akienda hospitali imani yake imepungua. Tunawaomba wamfikirie mchungaji yule, aliyejua mpaka wa kazi yake na hakuona aibu.

Mukwege alisoma tiba Burundi, na nia yake ilikuwa kuwatibu watoto. Alipomaliza mwaka 1983 alikwenda kufanya kazi hospitali ya Lemera, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, hospitali iliyojengwa na misheni ya Wapentekoste wa Sweden. Kule akakuta kitu ambacho hakukitafuta. Wanawake walikuwa wakibebwa siku nyingi kutoka vijijini, uchungu umewashinda, wengine wanafika wamekwisha kufa, wengine wanapona lakini mkojo unawatoka bila kuzuilika kwa sababu ya majeraha ya uzazi. Akaona kwamba ukitaka kuwaokoa watoto sharti uanze na mama zao. Mwaka 1984 akaenda Angers, Ufaransa, kusomea tiba ya wanawake. Angeweza kubaki huko. Daktari bingwa Ulaya hakosi kazi. Mwaka 1989 alirudi Lemera.

Tarehe 6 Oktoba 1996, vita ilipoanza, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, wauguzi wakauawa pia. Mkurugenzi wake, Mukwege, hakuwapo siku hiyo, akapona. Fikirini moyo wa mtu huyo. Kazi aliyoamini Mungu amempa ilizimwa kwa siku moja.

Mwaka 1999, mjini Bukavu, akaanza hospitali ya Panzi chini ya CEPAC, jumuiya ya makanisa ya Pentekoste. Mpango ulikuwa wanawake wapate mahali salama pa kuzalia. Mgonjwa wa kwanza aliyepasuliwa hakuja kuzaa. Alikuwa mama aliyebakwa na watu wenye silaha na kupigwa risasi mapajani na sehemu za siri. Kisha wakaja wengine, na wengine, maelfu kwa maelfu. Kazi ambayo leo dunia nzima inamjua kwayo, na iliyompa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad wa Irak, hakuiandika kwenye ombi lolote la kazi. Aliikuta ndani ya kazi nyingine.

Ndiyo maana tunawaambia madaktari vijana wanaotusikiliza: usikae nyumbani ukingoja kazi kamili, ile ambayo umeiona akilini tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Hata kazi ndogo, hata nafasi ya kumshikia mwenzako kwa majuma matatu, ina uwezo wa kukuonyesha jambo ambalo kitanda chako cha nyumbani hakitakuonyesha. Mukwege asingekwenda Lemera, angebaki na nia nzuri tu ya kutibu watoto.

Hapa kwetu tuna Yakusu, ule mji mdogo chini ya mto ambao wengi wetu tunaupita kwa mtumbwi bila kugeuza kichwa. Wamisheni Wabaptisti wa Uingereza walifika pale mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1920 akaja daktari Clement Chesterman. Ugonjwa wa malale ulikuwa ukiua vijiji vizima. Angeweza kukaa hospitalini na kungoja wanaoweza kutembea wamfikie. Aliona kwamba daktari mmoja hawezi kuushinda msitu, akafundisha vijana wa huku huku, mababu zetu, kuwa wauguzi, wakafungua vituo vya dawa vijijini, kila kimoja na mtu aliyejua kutazama darubini na kuchoma sindano. Mwaka 1936 akaja daktari Stanley Browne, akakuta wagonjwa wa ukoma wengi kuliko alivyotazamia. Ukoma ukawa kazi ya maisha yake. Alikaa Yakusu mpaka 1959.

Tunaeleza hayo kwa sababu kijana akipelekwa leo kwenye zoni ya afya, Opala, Yahuma, Bafwasende au Yakusu yenyewe, mara nyingi anakasirika kwamba nusu ya siku zake inaisha kwenye pikipiki, akikagua vituo, akihesabu chanjo, akisahihisha rejista za wauguzi. Anasema, sikusoma miaka saba ili nihesabu chupa. Ndugu, Tshopo ina zoni za afya 23, na nyingine ni msitu na maji mwanzo hadi mwisho. Muuguzi aliyesimamiwa vizuri ndiye mikono yako mahali ambapo miguu yako haifiki. Kama moyo wako uko kwenye upasuaji peke yake, ni halali, useme mapema, utafute hospitali kuu yenye chumba cha upasuaji. Lakini usidharau kazi ile nyingine kwa sababu haina koti jeupe na taa kubwa.

Mwingine tunayemkumbuka hapa mjini ni daktari Paul Carlson, Mmarekani, aliyeuawa Stanleyville, yaani Kisangani hii, tarehe 24 Novemba 1964, akipanda ukuta ili ajifiche. Watu wa Kongo waliokufa mwaka ule ni wengi mno, na majina yao hayakuandikwa, kwa hiyo hatumtaji ili kumweka juu ya wengine. Tunamtaja kwa ajili ya jambo dogo ambalo halihubiriwi. Kabla ya kuja na familia yake kukaa Wasolo, kule Ubangi, mwaka 1963, alikuwa amekuja kwanza mwaka 1961 kwa miezi michache tu, akaonja, akarudi kwenye kazi yake California. Huko moyo wake haukutulia tena. Hata wenye mwito huonja kwanza. Kuonja si kukosa imani.

Basi kijana wetu naye, tulimwambia nini hatimaye? Kusema kweli hatukumwambia kitu. Aliacha kazi kabla hatujapata hekima. Alimwekea sahihi yule mama, akatoka naye mlangoni asubuhi moja, na mchana hakuwa na kazi tena. Sisi tulinung'unika. Tulisema vijana wa leo hawavumilii. Kisha tukasoma habari za Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani njiani ili atoze malipo juu ya uponyaji ambao bwana wake alikataa kuulipwa, na ukoma wa Naamani ukamshika yeye. Tukanyamaza.

Kwa hiyo sasa, tukiulizwa na daktari kijana, hatukimbilii tena mafuta ya kupaka. Tunaanza na maswali. Umejiandikisha kwenye Baraza la Madaktari? Bila hilo hata mlango wa Bwana utakuwa na kesi. Umekwenda kwenye Divisheni ya Afya ya jimbo, umeacha barua, na umerudi kuuliza, maana barua moja haina miguu? Mahali unapoitwa, aliyekuwapo kabla yako yuko wapi leo, na aliondoka kwa nini? Mtafute umpigie simu. Atakuambia kwa dakika kumi mambo ambayo mwajiri hatakuambia kwa mwaka. Kuna damu? Kuna mtu wa kulaza mgonjwa usingizi wakati wa kupasua, au utakuwa wewe unayelaza na wewe unayekata? Mkubwa wako wa kazi ni nani, na ukiwa na mgonjwa aliyekushinda saa nane za usiku utamwita nani? Daktari mpya aliye peke yake hujifunza kwa kuzika.

Kisha swali ambalo sisi tulilisahau: watakuagiza kufanya nini ambacho huwezi kukiomba msamaha kila jioni? Uliza kabla ya kuweka sahihi. Uliza mgonjwa asiyelipa anafanywaje. Uliza kama mshahara wako unafuata idadi ya vipimo. Kazi inayokutaka uwe mfunga wagonjwa haitakuwa njema kwa sababu tu iko Makiso na ina stima.

Na pesa, tuseme wazi. Namba ya serikali, ile matrikile, inachukua muda. Wapo madaktari wanaofanya kazi ya serikali na jina lao bado halijaingia kwenye orodha ya malipo, wanaishi kwa sehemu yao ya kile wagonjwa wanacholipa. Kazi za mashirika ya misaada zinalipa vizuri lakini kontra huisha, mradi hufunga mlango, na aliyejenga maisha juu ya miezi sita huanguka mwezi wa saba. Hatusemi uzikatae. Zichukue ukijua ni hema. Na ukienda hospitali ya kanisa, omba waandike kwenye karatasi watakachokulipa, kiasi na tarehe. Mwajiri anayekasirika akiombwa karatasi kwa sababu "sisi ni ndugu katika Bwana", mwogope. Mtenda kazi amestahili ujira wake. Kusaini karatasi hakukuvunji undugu.

Sasa tunarudi kwa yule mama wa bahasha. Mwanawe alipoacha kazi alitujia na hasira, na alikuwa na haki. Alisema: "Mnamsifu Luka. Sawa. Luka hakuwa na mama aliyeuza kiwanja. Mimi nitakula mwito?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Jibu lilikuja kutoka kwa wanawake wa Idjwi. Mnakumbuka, Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa daktari Mukwege kumwua, mlinzi wake akauawa, yeye akapona. Akakimbilia Ulaya na familia yake. Huko angepata kazi ya usalama, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini wanawake wa kisiwa cha Idjwi, watu wanaolala na njaa, wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamnunulie tiketi ya kurudi. Wakasema watamlinda wenyewe kwa zamu. Januari 2013 akarudi Bukavu. Wanawake wale walimtafuta daktari wao kama watu wengine wanavyotafuta kazi: kwa jasho, kwa barua, kwa senti moja moja. Mtu wa Makedonia alisimama ng'ambo akiita; akina mama wa Idjwi waliita na kuchanga nauli juu yake. Na Lidia alifungua nyumba.

Hilo ndilo la pili tulilosema tulishike, na ndipo tunapokufikia wewe fundi baiskeli. Maombi yetu yote yalikuwa "Bwana, mpe daktari kazi". Hatukuuliza ni nani anayempa daktari kazi hapa chini ya jua. Ni mgonjwa. Ni sisi. Kila mmoja wetu aliyetoka hospitali kwa mlango wa nyuma, aliyeahidi kulipa "siku ya posho" na siku ya posho ikapita mara arobaini, ameweka mlinzi kwenye mlango wa mama mwingine. Ule mlinzi wa koridoo, mshahara wake tunaulipa sisi kwa madeni yetu. Hatusemi juu ya asiye nacho kabisa. Huyo kanisa limbebe. Tunasema juu ya mwenye harusi ya mbuzi watatu na deni la mwaka jana la kupasuliwa ngiri.

Kijana wetu yuko wapi leo? Alishuka mto kwa balenieri kwenda kumshikia nafasi daktari wa hospitali moja ndogo aliyekuwa mgonjwa. Majuma matatu, waliambiana. Sasa ni mwaka wa pili. Daktari wa kwanza hakurudi. Kanisa la kule lilimpa nyumba ya matofali ya udongo wenye bati jipya, na akina mama wanampelekea kwanga na samaki bila zamu iliyoandikwa. Mshahara unachelewa, mara ya mwisho alitupigia simu alikuwa amepokea miezi mitatu kati ya mitano. Wagonjwa hawafungwi, kwa sababu kamati ya kijiji ilikubali mwenye kukosa franka alipe kwa mchele, kwa mafuta ya mawese, hata kwa siku za kulima shamba la hospitali. Hafurahi kila siku. Anataka arudi Kisangani, kwenye Kliniki za Chuo Kikuu, asomee upasuaji, na anasema hatauacha mlango wa hospitali ile bila mtu.

Kwa hiyo kuna nafasi ya kazi. Tunaitangaza hapa bila kuipamba: hakuna stima isipokuwa ya sola kwenye chumba cha kupasulia, simu inashika ukipanda kilima, nyumba ipo, karatasi ya mshahara itaandikwa, nasi tutasimama shahidi. Daktari anayetaka kuonja aje siku ya nne baada ya maombi, azungumze kwanza na kijana mwenyewe kwa simu, amwulize yote tuliyosema kuulizwa. Nauli ya kwenda na kurudi kwa majuma matatu ya kuonja, kanisa limeiweka kando.

Na mama wa bahasha bado hana kiwanja. Wazee wamekubaliana kwamba sadaka ya siku ya Mungu ya pili ya kila mwezi itakuwa ya wazazi waliosomesha madaktari na wauguzi wanaofanya kazi vijijini, yeye akiwa wa kwanza, mpaka mashine ya kushona ipatikane, kiwanja tutaona. Wenye madeni ya hospitali, sanduku liko upande wa kushoto wa mlango, lina kufuli, na bahasha hazina majina. Andika tu hospitali gani na kiasi. Dada mhasibu atapeleka mwenyewe siku ya kwanza, atarudi na risiti.